Mjane Akipokea Ruzuku, Mkristo Aseme Nini?

Kila malipo ya TASAF, mfuko wa Serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, yanapotoka, katika jumuiya ndogo ndogo zetu za hapa Bagamoyo husikika maneno yaleyale, tena kutoka kwa watu wema wasiokosa kutoa zaka na sadaka: kwamba fedha za bure zinalemaza, kwamba Serikali inafuga uvivu, na kwamba Mtume Paulo alikwisha kulimaliza jambo hili alipoandika kuwa "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula". Nimeyasikia mara nyingi mno, na mara nyingine yamesemwa mbele ya mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya walengwa naye akainamisha kichwa. Kwa hiyo naandika kueleza kwa nini naamini kwamba hoja hiyo, kwa namna tunavyoitumia, inamwonea maskini na kuyakosea Maandiko yenyewe.

Maneno ya Paulo yamo katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, na mstari unaofuata unaonesha aliwalenga nani: watu wenye nguvu zao waliokuwa wameacha shughuli zao na kuzunguka wakijiingiza katika mambo ya wengine. Paulo huyohuyo aliyazungukia makanisa ya Makedonia na Akaya akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na hakuna mahali alipowataka wapokeaji wathibitishe kwanza kwamba si wavivu. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, tunakuta hata utaratibu: mjane aandikwe akiwa ametimiza umri wa miaka 60, na mwenye jamaa waaminio atunzwe na jamaa zake, ili Kanisa lisilemewe na liweze kuwasaidia wasio na mtu. Kanisa la mwanzo, kwa maneno mengine, lilikuwa na daftari lake la walengwa, lenye umri na vigezo.

Lilikuwa pia na malalamiko yake. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kusema kwamba ugawaji wa chakula unaleta fitina na heri usimamishwe, lakini hawakufanya hivyo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, jambo linaloelekea kuonesha kwamba usimamizi ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika. Kila ninaposikia kwamba mpango wa kunusuru kaya maskini ufutwe kwa sababu kuna mtaa fulani ambako mwenye nyumba ya bati na pikipiki ameandikwa na mgonjwa akaachwa, huikumbuka sura hiyo. Orodha yenye kasoro hurekebishwa, tena kwa kuwaita mezani wale walioachwa nje.

Bagamoyo ina sababu ya pekee ya kulizungumza jambo hili kwa ushahidi. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na kabla ruzuku kwa kaya maskini haijaenezwa nchi nzima ilijaribiwa katika wilaya tatu, yaani Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vilichukuliwa vijiji 80. Kura ikaamua 40 vianze kupokea, malipo yakaanza mwaka 2010, na 40 vingine vikabaki bila ruzuku ili hali zao zilinganishwe. Hofu ya kwamba fedha zingeishia kwenye pombe ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Tathmini iliyofanywa na watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao ilionesha mambo mengine: kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wao walisonga mbele zaidi katika masomo na kununuliwa viatu, na kaya nyingi zikaongeza mifugo, hasa mbuzi na kuku. Hao ni watu wa wilaya hii, baadhi yao tunasali nao na wengi wao tunanunua kwao samaki na mihogo. Si haki kuendelea kuwahukumu kwa dhana wakati matendo yao yalikwisha kupimwa.

Kiasi chenyewe pia kinapaswa kutajwa, kwa kuwa mazungumzo mengi hufanyika kana kwamba watu wanapokea mishahara. Katika awamu ya kwanza ya mpango wa nchi nzima, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, pamoja na nyongeza ndogo kwa wenye watoto, na anayefanya ajira za muda alilipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Jirani yangu mmoja, bibi anayelea wajukuu upande wa Kaole, ni mlengwa. Anaishi kwa kushona makuti: huketi chini kwenye mkeka uliochakaa, hukunja majani ya mnazi juu ya ufito, huyashona jani kwa jani, huyapanga yakauke, kisha husubiri mnunuzi ambaye siku hizi haji kwa urahisi kwa sababu wengi wanaezeka bati. Ruzuku ikiingia, kwanza hulipa deni la dukani, halafu hununua unga, sabuni na madaftari, na ikibaki kidogo hununua kuku mtetea. Mikono ya bibi huyu imekuwa migumu kwa kazi, na ndiye tunayemsomea Wathesalonike.

Sisemi kwamba kazi si kitu. Watanzania tumelelewa kwa methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki aliyeishika imani yake, alipenda kuirudia alipokuwa akieleza Ujamaa. Lakini methali hiyo inaanza kwa kumlisha mgeni, na jembe huja baadaye, tena mwenyeji ndiye anayelitoa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na ukali wake wote dhidi ya unyonyaji na utegeaji, liliwataja waziwazi wenye haki ya kutunzwa na wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Hilo la mwisho tunalisahau sana. Kijana anayeamka alfajiri kwenda ufukweni kutafuta chombo cha kumchukua, akarudi mikono mitupu kwa kuwa bahari imechafuka au samaki wamepungua, hajakataa kazi.

Mji wetu una kumbukumbu nyingine inayotuhusu sisi Wakristo moja kwa moja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, waliowapokea walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto waliotenganishwa na jamaa zao. Walipewa chakula, mahali pa kulala, shule, ufundi na baadaye mashamba. Sitaki kuipamba historia hiyo: nidhamu ya misheni ilikuwa kali, kazi ya mashamba ilikuwa nyingi, na wapo walioamua kuondoka. Hata hivyo waliofika pale hawakutakiwa kwanza kuonesha kwamba wanastahili kula. Misheni ya kwanza ya Kikatoliki ya Tanzania Bara ilianza hapa kwa kuwapokea watu wasio na chochote cha kulipa, na sisi tulio waamini wa mahali hapa ni warithi wa tendo hilo.

Mababa wa Kanisa walikwenda mbali zaidi. Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipohubiri juu ya Lazaro na tajiri, alifundisha kwamba tusichunguze maisha ya mwombaji kabla ya kumpa, kwa kuwa uhitaji wake ndio unaomstahilisha. Sheria ya Musa nayo haikuliita suala hili huruma ya mwenye shamba. Iliamuru pembe za shamba zisivunwe na mganda uliosahauliwa usirudiwe, kwa kuwa ni mali ya mgeni, yatima na mjane. Ruthu alipookota masazo katika shamba la Boazi alikuwa akitumia haki aliyopewa na sheria, na alifanya kazi siku nzima kuipata. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, wanaelewa hili vizuri: zaka kwao ni nguzo ya dini, na Kurani inataja makundi manane ya wanaoistahili.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yamefuata njia hiyohiyo. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alieleza kwamba tajiri ana njia nyingi za kujikinga, na maskini ndiye anayehitaji zaidi ulinzi wa dola. Wapo wanaonijibu kwa waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, ambamo Papa Yohane Paulo wa Pili alionya juu ya dola inayojitwalia kila jukumu na kuongeza urasimu huku ikiwanyang'anya watu wajibu wao. Naliheshimu onyo hilo. Ila lilizihusu nchi ambako dola ilikuwa imekwisha kuingia karibu kila mahali, na Papa alisisitiza kwamba mahitaji ya watu hueleweka zaidi na walio karibu nao. Hapo sisi wa jumuiya tunatajwa, na tunatajwa kama watu wenye kazi ya kufanya.

Kazi hiyo ipo. Sikubaliani na kukatwa kwa fedha za kaya kwa sababu mtoto hakuhudhuria shule, ikiwa shule iko mbali na mvua za masika zimeharibu njia. Sharti la namna hiyo ni la haki pale tu huduma yenyewe inapofikika. Malipo kwa njia ya simu yamewapunguzia wengi foleni, lakini yamewaacha wazee wasio na laini iliyosajiliwa kwa jina lao wakimtegemea mjukuu au jirani, na si kila mjukuu hufikisha fedha zote. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumpima umaskini wake mbele ya majirani. Natamani bara nalo lifike huko, kwa sababu fedheha ya kuthibitisha ufukara hadharani inawazuia hata wanaostahili.

Wakati huohuo yapo yanayowezekana sasa. Nimependekeza katika jumuiya yetu kwamba orodha ya walengwa inapopitiwa katika mkutano wa mtaa, waamini wahudhurie kwa wingi na kuwataja walioachwa, wa dini yoyote. Kwamba vijana wawasindikize wazee kupata kitambulisho cha taifa na kusajili laini, kisha wawepo kwa wakala siku ya malipo. Na kwamba mfuko wetu wa maskini ushughulikie zaidi kaya ambazo ruzuku haijazifikia. Wengine wameuliza kama hiyo ni kazi ya jumuiya au ya Serikali. Nimewaomba tuisome pamoja ile sura ya 6 ya Matendo, kisha tupange ni nani atakayekwenda Kaole.