Mkataba wa Biashara Huria: Ahadi Kwanza, Punguzo Baadaye

Kila inapotangazwa kwamba nchi fulani zimetiliana saini mkataba wa biashara huria, tunaambiwa kwamba ushuru wa forodha utapungua na bei zitashuka. Hayo ni kweli, na mnunuzi ana haki ya kuyafurahia. Hata hivyo, kadiri ninavyoifuatilia mikataba hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba faida yake kubwa ni ile ahadi yenyewe, yaani serikali kujifunga mbele ya wenzake kwamba haitaamka siku moja na kupandisha ushuru kwa kuwa uchaguzi umekaribia au kwa kuwa kundi moja la wenye viwanda limelalamika.

Mwaka 1930, wakati ahadi za namna hiyo zilikuwa chache na dhaifu, Marekani ilipitisha sheria ya Smoot-Hawley iliyopandisha ushuru wa bidhaa nyingi kutoka nje. Kanada na nchi nyingine zikalipiza, na biashara ya dunia, ambayo tayari ilikuwa imeyumbishwa na mdororo wa uchumi, ikazidi kusinyaa. Kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi pale nchi 23 zilipokubaliana mjini Geneva, mwaka 1947, juu ya mkataba wa GATT, yaani Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, ambao mwaka 1995 uliingizwa katika Shirika la Biashara Duniani. Kanuni yake kuu ni kwamba nafuu ya ushuru unayompa mwanachama mmoja uwape wote. Kifungu cha 24 kinaruhusu kundi la nchi kupeana nafuu zaidi, mradi zifute ushuru kwa karibu biashara yote iliyo baina yao na zisiwawekee walio nje vikwazo vikubwa kuliko vya awali.

Uzito wa ahadi hiyo unaonekana vizuri zaidi kiwandani. Chukua giaboksi ya gari, ambayo chuma chake huweza kuyeyushwa katika nchi moja, kikachongwa katika nchi ya pili, kikarudi kuunganishwa, kisha kikavuka tena kwenda kufungwa kwenye gari. Kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, zilizounganishwa na NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, kuanzia mwaka 1994 hadi ulipobadilishwa na mkataba wa USMCA mwaka 2020, safari za namna hii ni jambo la kawaida. Laiti kila mpaka ungetoza asilimia 10 ya thamani yote, na kila mwenye kiwanda akauongeza ushuru huo kwenye bei yake, chuma kilichoanza na thamani ya 100 kingepita 133 baada ya kuvuka mara tatu, kabla mchongaji hajalipwa hata senti. Tena hakuna mwekezaji mwenye akili timamu atakayejenga kiwanda cha kudumu miaka ishirini akitegemea kiwango cha ushuru kinachoweza kubadilika mwakani.

Nafuu hiyo, lakini, haiji yenyewe. Mzigo unapofika mpakani lazima uwe na cheti cha uasili wa bidhaa, kinachothibitisha kwamba umetoka kweli katika nchi mwanachama na haukupitishwa tu humo kutoka kwingine. Kwa mavazi mengi, NAFTA ilitaka uasili uhesabiwe kuanzia uzi: shati lililokatwa na kushonwa ndani ya nchi wanachama, lakini kwa kitambaa cha uzi uliosokotwa nje, halikustahili nafuu kamili. Kanuni kama hizo zina sababu zake, ila zikizidi ukali, mfanyabiashara huona heri alipe ushuru kuliko kuhangaika na makaratasi, na hapo mkataba hubaki mzuri kwenye kabati tu.

Sitaki kuficha kwamba wapo wanaoumia. Kiwanda kilichoishi kwa kukingwa na ushuru kinaweza kufungwa, na kiatu cha bei nafuu hakimfariji aliyepoteza kazi yake. Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wa aina hiyo mwaka 1962, na kwa maoni yangu msaada wa namna hii ulipaswa kuandaliwa kabla ya wino wa saini kukauka. Jambo jingine linalosaidia ni muda. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, uliotiwa saini Kigali mwezi Machi 2018, unazitaka nchi zifute ushuru kwa asilimia 90 ya aina za bidhaa, lakini hatua kwa hatua, na nchi zenye maendeleo duni zimepewa miaka mingi zaidi.

Kinachonipa moyo hasa ni pale mkataba unapomkumbuka mchuuzi anayevuka mpaka na mzigo mdogo, ambaye hana wakala wa forodha wala mwanasheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000: bidhaa zinazokubalika zimeorodheshwa mapema, na cheti chenyewe hutolewa papo hapo mpakani. Mchuuzi anayekijua cheti hicho anavuka kwa njia halali, mchana kweupe, badala ya kupita njia za panya usiku na kunyang'anywa mali yake.