Mtoto wa sita analipiwa na nani?

Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia imefikisha watu bilioni 8. Tangu siku hiyo kila mjadala kuhusu familia kubwa huanza na namba hiyo, na hapo hapo hupotea njia. Mama wa Vihiga, kaunti ya magharibi mwa Kenya, mwenye watoto saba anaambiwa anaijaza dunia. Basi tupige hesabu. Mkenya wa kawaida husababisha takriban tani 0.4 za kaboni dioksidi kwa mwaka, Mmarekani kama tani 14. Mama huyo, mumewe na watoto wote saba hawafikishi tani 4. Kama kesi ni ya hali ya hewa, aliyeitwa kizimbani si mkosaji.

Lakini kushinda kesi hiyo hakumalizi mambo nyumbani. Mzigo wa mtoto wa sita hauangukii dunia, unaangukia watu wachache wanaojulikana kwa majina: mama yake, dada yake mkubwa, na ndugu watakaogawana naye shamba. Hakuna kati yao anayeulizwa, pengine hata mama. Kwangu mimi swali la haki liko hapo.

Tuanze na shamba, kwa sababu ardhi haina porojo. Sensa ya 2019 iliikuta Vihiga na watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba. Kilomita ya mraba ni ekari 247, kwa hiyo ni zaidi ya watu wanne kwa ekari, na hapo umeshahesabu barabara, viwanja vya shule, makanisa na yale mawe makubwa ya Maragoli ambayo hayalimiki.

Chukua shamba la ekari mbili, upana mita 60, urefu mita 135. Mzee ameacha watoto wanane. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike pale ambapo mzee hakuacha wosia. Mke akiwapo anaendelea kulitumia shamba maisha yake yote, kisha watoto wanagawana sawasawa. Kama wake walikuwa wawili, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huhesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Wengi bado hugawa kwa wavulana tu, halafu wanashangaa dada akienda mahakamani na kushinda.

Sasa mpima ardhi anafika. La kwanza atakalotaka ni barabara, maana kila kipande lazima kifikike. Barabara ya mita 6 katikati, kutoka lango hadi mwisho wa shamba, inameza mita za mraba 810, yaani moja ya kumi ya urithi kabla hajapata mtu. Zinabaki 7,290. Kila mtoto anapata 911, kipande cha mita 27 kwa karibu 34, pungufu ya robo ekari. Toa mita za mraba 300 za nyumba, jiko, choo na banda la ng'ombe mmoja. Sehemu ya kulima ni kama ekari 0.15. Hata ukivuna kwa kiwango kizuri cha magunia 15 kwa ekari, hapo unapata magunia mawili na kitu. Mtu mmoja hula karibu gunia moja la kilo 90 la mahindi kwa mwaka, kwa hiyo familia ya watu watano inafika nusu ya mwaka na debe tupu, na mbegu ya msimu ujao ni ya kukopa.

Kisha maji. Kisima cha kuchimba kwa mkono kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka choo cha shimo. Kwenye kipande cha 27 kwa 34 unaweza kulazimisha, kisima pembe hii na choo pembe ile. Lakini jirani wa nyuma naye ana choo, na wa kushoto, na wa kulia, na hakuna hata mmoja aliyechimba akifikiria kisima chako. Visima vya mitaa kama Manyatta kule Kisumu vimepimwa na watafiti na kukutwa na vijidudu vya kinyesi, na sababu ni hiyo hiyo ya vyoo na visima kubanana. Kijiji kikigawanywa mara mbili kinapata tatizo la mtaa wa mabanda, ila bila lori la maji.

Na makaburi. Huku tunazika nyumbani. Babu, bibi na shangazi wamelala sehemu fulani ya shamba, na mgawanyo lazima umpe mtu sehemu hiyo. Aliyepewa hawezi kulima vizuri, na akitaka kuuza hapati mnunuzi. Ugomvi wa ndugu mara nyingi huanzia hapo, hata kabla ya kufika kwenye mpaka.

Mgawanyo wa kisheria una mlolongo wake. Kuna barua ya chifu inayotaja watoto wote, kesi ya urithi mahakamani, idhini ya kaunti, kibali cha bodi ya ardhi ambayo wengi huiita lendi bodi, fomu ya mpima ardhi, ndipo hati mpya zitoke. Bodi ina mamlaka ya kukataa kama kukatakata shamba kutapunguza uzalishaji wake, na kwa vipande vya ukubwa huu sababu ya kukataa ipo wazi. Kwa hiyo familia hugawana kwa mdomo na kupanda ua. Hati inabaki kwa jina la marehemu. Miaka 20 baadaye mjukuu anataka mkopo, na inabidi kufungua urithi wa babu kwanza, kisha wa baba, huku nusu ya mashahidi wakiwa udongoni.

Wanaohamia Nakuru au Kisumu wanalikimbia shamba lakini hawaikimbii hesabu. Chumba cha futi 10 kwa 10 cha Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, hakiongezeki mtoto akizaliwa.

Karo nayo ina ujanja mmoja ambao watu wachache wanautumia. Shule ya upili ya juu katika mtaala mpya ni miaka mitatu. Watoto wakipishana miaka mitatu, hakuna mwaka utakaokuwa na wawili pamoja katika ngazi hiyo: mmoja anamaliza, mwingine anaingia. Wakipishana miaka miwili, kila mwaka wa pili una wawili. Kwa watoto sita hiyo ni miaka mitano ya karo mara mbili. Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka kwamba karo ya bweni iliyowekwa na serikali 2015 ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya godoro, sare na nauli. Kinachotokea katika ile miaka ya wawili kinajulikana: mmoja anarudi nyumbani "kwa muda", na mara nyingi ni msichana. Pacha wakija, mpango wote unavunjika, kwa hiyo usiupange ukiwa umebana mpaka mwisho.

Huyo msichana ameshalipa kabla hata ya karo. Ndiye aliyembeba wa nne mgongoni, akamwogesha wa tano, akakosa shule wa sita alipougua.

Mama analipa kwa mwili. Akishazaa mara tano au zaidi, wakunga humweka kwenye kundi la hatari, hata kama uzazi wote uliotangulia ulikuwa mwepesi. Mfuko wa uzazi uliotanuka mara nyingi huchelewa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na damu humwagika kwa kasi. Kondo la nyuma nalo huelekea zaidi kukaa chini na kuziba njia. Dawa ya kukaza mfuko, oksitosini, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Zahanati ambayo stima hupotea siku tatu inaweza kuwa na chupa iliyojaa dawa iliyokufa. Kwa hiyo mama wa mimba ya sita hapaswi kusema "mimi nimezoea" na kwenda zahanati ya karibu. Aende hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, na aende mapema.

Nisiwaonee wazee. Mwaka 2003 utafiti wa kitaifa wa afya uliikuta Nyanza na vifo 206 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila 1,000 waliozaliwa. Mtoto mmoja kati ya watano! Kuzaa saba ili wabaki watano ilikuwa busara, si ujinga. Kitaifa idadi hiyo ilishuka hadi 41 mwaka 2022, na watu wamelielewa hilo bila kuhubiriwa: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8.1, mwaka 2022 ni 3.4. Hoja ya kuzaa wengi ili wakutunze uzeeni bado ina nguvu, kwa sababu Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi na huanza ukiwa na miaka 70. Ila linganisha wanane walioishia darasa la nane na watatu waliomaliza chuo, uone ni nani anatuma pesa.

Hoja ninayoidharau ni ya mwanasiasa anayewaambia watu wazae ili "tuwe wengi". Anajua anachotafuta. Fomula ya kwanza ya kugawa fedha kwa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, na kura ni kura. Watoto wake yeye wanasoma kwingine.

Kulazimisha watu siungi mkono, na historia ya India ya 1975 hadi 1977, watu walipokusanywa na kufungwa kizazi, inatosha kuonyesha sababu. Wala hakuna haja, kwa kuwa utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 14 ya wanawake walioolewa nchini wanataka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawatumii njia yoyote ya kupanga uzazi. Wape hao kwanza.

Na wanaotumia hukwama kwenye mambo madogo. Sindano ya miezi mitatu: ukichelewa zaidi ya wiki nne, kinga haina uhakika tena, na ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa karibu mwaka, kwa hiyo haimfai anayetaka mtoto hivi karibuni. Kunyonyesha hukinga kwa masharti matatu pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hapewi kingine hata maji, na hedhi haijarudi. Uji ukiingia, kinga imetoka. Kipandikizi cha mkononi ni njia bora sana, lakini dawa za kifua kikuu zenye rifampisini na ARV (dawa ya virusi vya UKIMWI) ya zamani ya efavirenzi huipunguza nguvu, jambo ambalo Kisumu na Homa Bay, ambako wengi wanatumia ARV, haliwezi kuchukuliwa kijuujuu. Mwambie muuguzi dawa zote unazomeza. Koili ya shaba haiathiriwi na dawa hizo na hudumu miaka 10 au zaidi.

Baba naye ana njia yake, ya nusu saa na ganzi ya sehemu tu. Vasektomi haifanyi kazi siku hiyo hiyo: mbegu zilizokuwa njiani zinahitaji miezi mitatu kuisha, na katika muda huo mtumie kondomu au njia nyingine, kisha apimwe kuthibitisha. Kipimo hicho ndicho wanaume hukiruka. Mimba ikiingia mwezi wa pili, mume hamlaumu daktari.