Kisumu hadi Nakuru, kutafuta shavu la mdogo wangu

Tulipanda mat Kisumu asubuhi mapema, mdogo wangu amejifunga leso usoni juu watu wanamkodolea macho sana tangu ile ajali ya boda. Shavu la kushoto limebonyea, jicho la upande huo limezama, na kabla hatujafika Ahero akaniuliza, "Dada, hizo lori ni mbili?" Ilikuwa moja.

Awasi, Kericho, Londiani, hata sikuangalia mashamba ya chai, nimeshikilia tu CD yenye picha za skani ya kichwa chake. Mau Summit baridi ikaanza kumuuma kwa mfupa, mama mmoja tumekaa naye akavua shuka yake akamfunika, "pole mwanangu." Mungu ambariki sana huyo mama.

Nakuru daktari akatuita kwa kompyuta, akazungusha fuvu la mdogo wangu tukaona vizuri: ule mfupa mwembamba unaobeba jicho umevunjika, ndio maana jicho limeshuka na anaona vitu viwili viwili. Sasa kilichonishangaza ni hii, wanachukua ule upande mzima wa kulia, kompyuta inaugeuza vile kioo hugeuza, halafu wanaulaza juu ya ule ulioumia, na pale panapokosekana mfupa ndipo umbo la kibati cha titaniamu, ile metali nyepesi na ngumu, linatoka. Yaani kipimo kinatoka kwa uso wake mwenyewe! Kiwandani leza inayeyusha unga wa titaniamu tabaka juu ya tabaka mpaka kipande kinakamilika. Akampa mdogo wangu fuvu la plastiki la mfano na kibati chake chenye vitundu vya skrubu, chepesi ajabu, akakibonyeza na kidole gumba kikakaa pap, hakichezi. Nikaona anajigusa shavu.

Daktari akasema mfupa hushikana na titaniamu, kitu Msweden anaitwa Brånemark aligundua miaka ya 1950, na haishiki kutu. Akatuambia pia kuhusu hospitali ya Morriston kule Swansea, Wales, jamaa alianguka na pikipiki 2012 wakamtengenezea uso na vipande kama hivi, 2014 ikawa habari dunia nzima. Mdogo wangu akauliza mara mbili kama huyo jamaa anaona sawa, mimi nikalia kidogo.

Shida ikawa ile CD. Kule tulikopigwa skani ya kwanza walipiga picha za tabaka nene, yaani kila picha inabeba kipande kinene cha kichwa, hazitoshi kuchora kibati, kwa hivyo ikabidi mdogo wangu arudie skani siku hiyo hiyo na pesa ikatoka tena. Kama una mgonjwa wa hivi, kabla hajalala kwa mashine sema skani ni ya kutengeneza kibati cha uso, wapige tabaka za milimita 1 au chini, na udai CD yenyewe, usikubali kupewa filamu pekee.