Ukimwona ndege asiye wa hapa

Kigoma, Novemba

Mvua zimeanza kushika, na kama kawaida ya majira haya picha zinamiminika kwenye simu: "Jamani, huyu ndege gani?" Wageni wa Ulaya na Asia walianza kushuka tangu Septemba. Shakwe wetu wa ziwani sasa wamechanganyika na wa mbali, na porini ndege wengi wamevaa manyoya ya kuzalia. Ni wakati mzuri wa kuona kitu cha ajabu, na kwa sababu hizohizo ni wakati rahisi wa kukosea.

Nimekuwa nikiwaza ajabu yenyewe ni nini kwa sisi wa magharibi mwa Tanzania. Tanzania Bird Atlas, mradi wa kuchora ramani za ndege wa Tanzania, imeigawa nchi katika miraba ya nusu digrii, kila upande kama kilomita 55, na rekodi hupangwa kwa mraba na kwa mwezi. Kigoma mjini na Ujiji ziko mraba mmoja. Ukishuka hadi Ilagala, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, umeshaingia mraba mwingine. Sasa, mraba ukikosa ndege fulani, huenda hayupo kweli, au huenda hakuna aliyewahi kufika huko na darubini mwezi ule. Kati ya Uvinza na Urambo yapo mapori na mabwawa ambayo watu wa daftari hupita kwa nadra sana. Ndiyo maana ripoti ya huku isitupwe kwa haraka, wala isikubaliwe kwa kuwa tu tunatamani iwe kweli.

Kinachobeba ripoti ni maelezo yaliyoandikwa kabla ya kufungua kitabu. Ukishaona mchoro, macho yanaanza kukumbuka mchoro badala ya ndege. Andika palepale, kuanzia mdomoni hadi mkiani: urefu na unene wa mdomo ukilinganisha na kichwa, rangi ya utosi, kisogo, koo, kifua, tumbo, mgongo, bawa likiwa limekunjwa na likiwa limefunguka, mkia, miguu. Ambacho hukukiona andika "sikuona". Neno hilo huongeza imani ya msomaji, kwa sababu ndege anayeelezwa kila unyoya kutoka mita mia mbili dhidi ya jua huwa ametoka kitabuni. Taja umbali, jua lilikuwa upande gani, ulimtazama kwa muda gani, na jirani yake alikuwa nani. Ukubwa wa ndege aliye peke yake angani hauaminiki hata kidogo. Akisimama karibu na yangeyange una kipimo.

Chukua kunguru. Kunguru wa India, yule aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye akaijaza Dar es Salaam, ni mharibifu: anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Akionekana stesheni ya Tabora au Kigoma, kwenye Reli ya Kati itokayo pwani, ni habari ya kufikishwa haraka kwa afisa maliasili wa wilaya. Ila ripoti nyingi za namna hii humhusu kunguru wetu wa kifua cheupe aliyejichafua kwa vumbi, au kinda ambaye weupe wake una madoa meusi. Usiandike "kijivu" tu. Kunguru wa India ni mwembamba zaidi. Uso, koo, mabawa na mkia ni vyeusi vya kung'aa, na kijivu kinazunguka kisogo, shingo na kifua, kikififia polepole kuingia kwenye weusi. Kwa kunguru wetu, weupe una mpaka mkali kama umekatwa kwa mkasi, unazunguka ukosi na kushuka hadi tumboni. Yule mwenye mdomo mnene sana na weupe kisogoni tu ni wa tatu, wala si mgeni. Piga picha ya kifua na ya kisogo, zote mbili, moja haitoshi. Rekodi na sauti.

Habari nyingine inayorudi mara kwa mara ni ya korongo nyangumi, kutoka maeneo ya Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Hapo anategemewa, ila ni nadra, kwa hiyo kila rekodi ina uzito. Anayechanganywa naye ni marabu, korongo mwingine mkubwa. Wengi hutoa ushahidi kwamba "aliruka amekunja shingo," wakijua kwamba korongo wengi hunyoosha shingo wakiruka. Lakini marabu naye huikunja, kwa hiyo dalili hiyo haiamui lolote. Kinachoamua ni tumbo na kichwa. Marabu ana tumbo jeupe na kichwa cha ngozi tupu. Korongo nyangumi ni kijivu chenye ubuluu karibu mwili mzima, ana kishungi kifupi kisogoni na mdomo mpana ajabu. Ukikuta kiota chake, usiweke mahali hapo hadharani. Mwandikie mhakiki, yaani mtu anayekagua rekodi za ndege, peke yake, maana kinda wa ndege huyu ana wanunuzi.

Kuhusu picha: piga ya kwanza hapohapo ulipo, hata kama ndege ni nukta, kisha sogea. Kwa simu, bandika lenzi kwenye jicho la darubini badala ya kuvuta picha kwa vidole. Usiipitishe kwenye programu za kung'arisha, zinabuni mistari ya manyoya ambayo ndege hana. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikienda kama picha hubanwa na kupoteza maelezo ya siku na saa. Picha ya skrini haina kitu ndani yake. Usiku, au kwa wale ndege wadogo wa kahawia wa majanini wanaofanana kupita kiasi, sauti ina nguvu kuliko picha: nusu dakika ya simu iliyotulia, bila maongezi, kisha mwishoni utaje mahali na saa. Kama ulicheza sauti ya ndege kumwita, sema, kwa sababu msikilizaji anaweza kuwa anasikia spika yako.

Mawili yanayoharibu rekodi nzuri za huku ni saa na alama ya kutoa. Mtu anaandika "saa 3:00 usiku" akimaanisha 21:00, na mwingine anaiingiza 03:00. Andika kwa mfumo wa saa 24 kila mara, na hakikisha saa ya kamera iko sawa. Halafu latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta: Kigoma ni −4.88, 29.63. Ukisahau ile alama ya kutoa, ndege wako anatua Sudan Kusini, jirani na Maridi, na anageuka ajabu ambayo haikuwepo.

Wavuvi wa Kibirizi na warina asali wa Tabora wanaona mengi kuliko sisi. Waulize vizuri. Ukimwonyesha mzee picha moja na kumwuliza, "Shikamoo mzee, huyu yupo huku?", adabu yenyewe itamfanya akubali. Mwache aeleze kwanza: anakula nini, analala wapi, analiaje, anakuja miezi gani. Baadaye mpe kurasa kadhaa, zikiwemo za ndege wasioweza kuwepo hapa, aoneshe mwenyewe.

Ukiingiza kwenye eBird, mfumo wa mtandaoni wa kuweka rekodi za ndege, ndege asiyetarajiwa, au idadi kubwa kupita kawaida, mfumo utakudai maelezo na rekodi itaenda kwa mhakiki wa kujitolea. "Nina uhakika" si maelezo. "Namfahamu vizuri" pia si maelezo. Mhakiki hakuwepo, mpe cha kuona, na mweleze kwa nini umewaondoa wanaofanana naye. Kwa ndege wa kwanza kabisa nchini, tayarisha maelezo kamili ya maandishi kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki. Inaniuma kuona watu wazuri wakisusa kwa sababu rekodi yao imebaki "haijathibitishwa". Hakuna aliyewaita waongo. Rekodi inabaki kwenye orodha yao, na ushahidi mpya ukipatikana inaweza kufunguliwa tena.

Njia ya kuupata ushahidi huo ni kurudi kesho yake alfajiri, mahali palepale, na mtu wa pili ambaye hujamtajia jina la ndege. Kila mmoja aandike peke yake, kisha mlinganishe. Mkimkosa, ingizeni orodha nzima ya mliowaona siku hiyo, pamoja na muda mliokaa na umbali mliotembea.