Mafundo ya Mama wa Fizi

Tetemeko la Uturuki na Syria lilipiga saa kumi na robo alfajiri kwa saa zao, tarehe 6 Februari 2023. Huku Fargo, Dakota Kaskazini, ilikuwa bado Jumapili, saa moja na robo usiku, na wengi wetu tulipata habari kwenye simu kabla ya kulala. Kesho yake nilipoingia zamu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mwenzangu wa zamu, mwanamke wa Kikurdi, alikuwa hajapata hata lepe la usingizi. Ndugu za mume wake walikuwa Adıyaman, Uturuki, na hakuna aliyepokea simu. Kwetu theluji, na kule nako theluji, watu wamelala ndani ya magari au wamejikusanya kwenye moto barabarani. Nilimshika mkono, nikakosa la kusema zaidi ya pole. Mchana wa siku hiyohiyo kwao ardhi ilikuwa imetetemeka tena, karibu kwa nguvu ileile.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada yetu ya Kiswahili, kila mtu alikuja na wazo lake. Huyu makoti, yule viatu, na mmoja alikwisha kujaza gari mifuko ya nguo. Nia ilikuwa njema, lakini nguo za mtumba zikimwagwa kwenye eneo la maafa huwa mzigo juu ya mzigo. Hakuna wa kuzichambua, zinaloa mvua, na barabara iliyobaki inapitika inahitajika kwa chakula na majeruhi. Anayetaka kusaidia haraka atume pesa. Tulichanga, kila mtu alichojaliwa. Ila watu wa zamu za usiku hatuna akiba kubwa, na bado tulitamani kufanya kitu kwa mikono yetu.

Chini ya kanisa hilohilo, kila Jumanne asubuhi, kina bibi wa Kimarekani hushona mablanketi ya viraka, vitambaa viwili vyenye blanketi kuukuu katikati, vikishikwa pamoja kwa mafundo ya uzi, kwa ajili ya Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945 kusaidia Ulaya iliyobomolewa na vita. Nilikuwa nikiwasalimia tu na kupita. Safari hii nilishuka, nikamwuliza kiongozi wao kama sisi nasi tunaweza kushona ya Uturuki. Akaniketisha akanieleza jambo ambalo mwanzoni sikulipenda: blanketi nitakaloshona leo halitawahi tetemeko hili. Anayepewa blanketi sasa hivi hupewa lililokwisha kukaa ghalani, lililoshonwa zamani na mtu asiyejua litakwenda wapi. Kontena hukaa baharini wiki nyingi. La kwetu lingeziba pengo la lile lililotoka, lisubiri maafa ambayo bado hayajatokea.

Kuwaeleza wenzangu hilo ilikuwa kazi. "Sasa tunamshonea nani?" baba mmoja akauliza, na sikuwa na jibu la kumtosheleza. Wengi walinywea.

Jumanne iliyofuata nilishuka na wanawake wachache tu. Mmoja alikuwa mama kutoka Fizi, Kivu Kusini, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kabla ya kuletwa Marekani. Mama huyu si msemaji. Alilikuta blanketi limetandazwa mezani, akaligeuza nyuma mbele, akashika fundo moja katikati ya vidole viwili na kulivuta polepole.

"Mimi nililala na hii," akasema. "Kule Nyarugusu walitupatia moja, na tulikuwa watu sita."

Ndipo akatueleza. Usiku walijifunika. Mchana lilitundikwa kwenye kamba kukata chumba, wasichana wapate pa kubadilishia nguo. Jua likiwaka aliliweka juu ya vijiti kukinga dagaa na sabuni alizouza. Mtoto wake wa mwisho alilala juu yake sakafuni. Kilichomsumbua ni mafundo: baada ya kufuliwa mara kadhaa yaliachia, blanketi la ndani likajikunja lote kwenye pembe moja, na katikati pakabaki vitambaa viwili vitupu. Baridi ya usiku wa Juni kule Kasulu haina mzaha. Alifumua upande mmoja, akalinyoosha la ndani, akashona upya kwa uzi wa gunia.

Kuanzia hapo yeye ndiye akawa mkaguzi wetu, hakuna aliyemchagua. Habari zake zikasambaa, na wale walionywea wakaanza kushuka mmoja mmoja, hata yule baba, ambaye alibeba cherehani yake kutoka nyumbani.

Kazi yenyewe si ya urembo. Uso wa viraka, inchi 60 kwa 80. Sisi tulitumia mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi wetu mmoja. Ndani blanketi kuukuu lakini safi, nyuma shuka nzito. Unashona pande tatu, unaligeuza kama foronya, unafunga upande wa nne. Halafu sindano nene na uzi wa krosheti, fundo kila baada ya shibiri moja, kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo litateleza. Mama wa Fizi alipita na kuvuta kila moja. Lililoteleza alilikata kwa mkasi. "Rudia hii, mama." Hata kwa bibi mkubwa kuliko wote, aliyeshona hapo kabla sisi hatujafika nchi hii, alisema, "Koko," yaani bibi, "samahani, hii itafunguka." Nikatafsiri. Bibi akashusha miwani, akalitazama, akarudia.

Alama za dini hazitakiwi, wala bendera, wala vitambaa vya kijeshi. Tukaweka kando khanga zenye jina la Mungu na vitenge vyote vya jubilei za makanisa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi. Kuna walionung'unika. Mimi naona ni haki kabisa: mtu aliyepoteza nyumba asilazimike kujifunika imani au siasa ya mwingine ili apate joto.

Mwenzangu wa Kikurdi alikuja Jumanne moja na shuka nne zilizofuliwa na kupigwa pasi. Walikuwa wamempata shemeji yake hai. Shangazi wa mume alikuwa amezikwa. Hakujua kushona, akakaa na mama wa Fizi wakikata nyuzi, hawana lugha ya pamoja zaidi ya Kiingereza cha kuokoteza.

Majira ya kuchipua lori la kukusanyia likaja, tukapakia maboksi yetu pamoja na pesa za kusafirishia. Septemba mwaka uleule Morocco ikatetemeka, na Oktoba ikawa Herat, Afghanistan. Nilimpigia simu mama wa Fizi. Akaniuliza kama ghalani kumebaki kitu, kisha akaniagiza nimwombe fundi mabaki mengine, na safari hii yasiwe mepesi kama yale ya kwanza.