Jinsi nilivyofuatilia mshale uliokuwa juu ya leni isiyo yake

Kibao kilichokosewa herufi za jina la mji hakinisumbui sana. Dereva anacheka, anaendelea na safari. Kinachonitia hofu ni kile ambacho maneno yake yote ni sahihi, ila mshale umeangukia pengine. Dereva mgeni hana sababu ya kukitilia shaka.

Kimoja cha aina hiyo kilikuwa kwenye barabara kuu ninayopita na lori mara kwa mara. Barabara ilipopanuliwa, iliongezwa leni upande wa kushoto kwa ajili ya wanaochepuka. Lile bango kubwa la juu, lililofungwa kwenye fremu ya chuma, likaachwa palepale. Mshale wa kuchepuka, ambao zamani ulikaa sawasawa juu ya leni ya kushoto, ukawa sasa uko juu ya leni ya pili, inayonyoosha mbele.

Wenyeji walishazoea. Mgeni aliufuata mshale, akaja kugundua kosa zimebaki mita kama 200 njia igawanyike. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ana sekunde tisa za kutazama kioo, kuwasha indiketa na kuhama. Lori lenye mzigo halihami hivyo, hasa kukiwa na gari jingine ubavuni. Ndiyo maana watu walikanyaga breki katikati ya barabara, au wakakata juu ya ile pembetatu ya mistari myeupe inayotenganisha njia mbili.

Kuna dereva mwenzangu alitaka tupande usiku tuufute mshale kwa rangi. Alinitajia msanii Richard Ankrom wa Los Angeles. Mwaka 2001 Ankrom alitengeneza alama ya barabara namba 5 kuelekea kaskazini, kwa vipimo vilevile vya serikali, akavaa kama fundi wa barabara na kuifunga kwenye bango la barabara ya 110 lililokosa maelekezo hayo. Wakubwa walipokuja kujua, waliikagua na kuiacha. Ilikaa hadi 2009 bango lilipobadilishwa. Ni kazi ya ustadi, sikatai. Lakini kuchezea alama za barabarani ni kosa, na bango lisilo na mshale kabisa lingewapoteza watu kwa namna nyingine.

Nikaandika barua kwa wahusika wa barabara. Jibu lilikuja la heshima na fupi: bango liko sawa kulingana na mchoro. Nilipotulia nikaona tatizo liko wapi. Nilikuwa nimeandika kwamba bango "linachanganya madereva", na aliye ofisini akalinganisha maneno ya bango na ya mchoro, akayakuta yanafanana.

Barua ya pili niliiandika kwa macho ya fundi. Nikaweka namba ya nguzo ya kilomita, upande gari linakoelekea, na leni zikihesabiwa kuanzia ukingo wa kushoto. Utingo wangu alipiga picha kupitia kioo cha mbele, moja ikionyesha mshale na mistari ya leni chini yake kwa pamoja. Hiyo ilikuwa muhimu kuliko maneno yangu yote. Nyingine tulipiga tukiwa tumeegesha mbali na barabara: pembetatu nyeupe imejaa alama nyeusi za matairi, zote zikitoka leni ya pili kwenda kushoto, na nguzo za plastiki za pale mbele zimelazwa. Nikataja pia Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani, unaotaka alama iwekwe mahali ambapo dereva aliyekusudiwa ataitambua kwa urahisi na kwa wakati.

Safari hii nilipigiwa simu na mhandisi. Hakubishana. Aliuliza kama hali ni ileile usiku, nikamwambia usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa bango linang'aa kwa taa za gari ilhali mistari ya chini imefifia. Mafundi walianza kwa kuufunika mshale na kupaka mishale mikubwa juu ya lami, mapema kabla ya njia kugawanyika. Bango jipya lilikuja baadaye, pana zaidi, kila mshale juu ya leni yake. Nilipopita mara ya kwanza nilimwona dereva wa basi mbele yangu akihamia kushoto taratibu, indiketa ikiwaka mapema kabisa, na moyo wangu ukafurahi kwelikweli.

Sasa nafuatilia kibao cha kilomita 30 kwa saa kilichosahaulika baada ya matengenezo kwisha. Wanaokitii wanafunga breki ghafla mahali ambapo hapana kazi wala shimo, na wanaofuata nyuma hawategemei. Picha ninazo, namba ya nguzo ninayo, na barua imeshakwenda.