Dani na kitabu chake cha mchango

Nyanya yangu, sisi humuita Dani, ako na miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini Jumapili baada ya kanisa huwezi kumpata nyumbani, yuko soko la Kibuye, Kisumu, na wamama wenzake wa kikundi wakichangisha pesa za familia za kule Nyando zenye mafuriko yaliwatoa kwa nyumba, yale ya 2024 bado kuna watu hawajasimama vizuri.

Wiki jana nilimsindikiza. Anabeba kaunta buku imefunikwa na gazeti, kalamu imefungwa na uzi hapo juu isipotee, na kila mtu akitoa, hata kama ni shilingi 20, anaandika jina halafu anasoma kwa sauti mwenyewe asikie. Wa M-Pesa naye anangoja mpaka meseji iingie kwa simu ya mweka hazina ndio aandike. Nilimuuliza mbona asiharakishe, watu ni wengi, akaniambia mjukuu wangu, pesa ya watu haikimbizwi.

Kuna mama wa kuuza omena, wale dagaa, hakuwa na pesa siku hiyo, biashara ilikuwa chini sana, akapima gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia, akampatia. Dani akaipokea na mikono mbili na akaiandika kwa kitabu pia, “omena gorogoro 1”, mwandiko mkubwa kabisa kushinda wa wale wa elfu moja.

Nampenda huyu mama jamani. Jumapili hii naenda naye tena, mimi ndio nitabeba mfuko.